Akaunti Yake, Mkono wa Mwingine: Vikwazo vya Huduma za Fedha kwa Simu Vijijini

Siku ya gulio, mbele ya kibanda cha wakala wa fedha kwa simu, foleni ni fupi. Bibi mwenye umri wa miaka 70 na ushei anafungua pindo la kanga, anatoa simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira, anamkabidhi kijana aliye ndani na kusema, "Mjukuu wangu, nitolee elfu ishirini." Kijana anaitikia, "Shikamoo bibi," anabonyeza vitufe, kisha anauliza namba ya siri. Bibi anaitaja. Kwa kuwa redio ya kibandani inalia, anaitaja tena kwa sauti kubwa zaidi, tarakimu nne, moja baada ya nyingine. Nyuma yake wamesimama watu sita.

Hakuna aliyeibiwa siku hiyo. Bibi alihesabiwa noti mbili za elfu kumi, akashukuru, akaenda kununua dagaa. Tukio la namna hii hutokea katika magulio mengi nchini na hakuna anayelishangaa, na kwa sababu hiyo hasa linastahili kutazamwa. Katika hesabu za taifa bibi huyo ni mtumiaji wa huduma za fedha. Ana simu, ana laini, ana akaunti. Anachokosa ni uwezo wa kuigusa fedha yake bila kupitia mkono wa mtu mwingine.

Utafiti wa FinScope Tanzania wa mwaka 2023 ulionesha kuwa asilimia 76 ya watu wazima nchini hutumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017. Hayo ni mafanikio ambayo nchi nyingi zinazoendelea zinayatamani, na mzigo mkubwa wa mafanikio hayo umebebwa na simu ya mkononi, si tawi la benki. Hata hivyo, utafiti huohuo ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano akiwa nje ya huduma zote, ziwe rasmi au zisizo rasmi. Na ndani ya ile asilimia 76 wamo watu kama bibi wa gulioni, ambao takwimu inawahesabu lakini haiwezi kuonesha ni nani aliyebonyeza.

Makundi haya mawili, walio nje kabisa na walio ndani kwa mkono wa jirani, hukwamishwa na mambo yaleyale. Kuyaeleza mambo hayo ni muhimu kwa mwananchi wa kata, kwa sababu leo leseni ya biashara, ushuru na malipo mengine ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na msaada wa kaya, malipo ya mazao na fedha kutoka kwa watoto walioko mjini hufika kwa njia hiyohiyo ya simu.

Kutoka bahasha hadi ujumbe mfupi

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka namna fedha zilivyosafiri zamani. Mtu aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam aliweka noti ndani ya bahasha, akaifunga vizuri, akamkabidhi kondakta wa basi au ndugu aliyekuwa akienda kijijini, kisha akabaki akiomba Mungu. Wakati mwingine bahasha ilifika ikiwa nyembamba kuliko ilivyoondoka. Wengine walinunua vocha za muda wa maongezi, wakatuma tarakimu zake kwa ujumbe, na aliyezipokea akaziuza dukani kwa bei ya kuumia kidogo.

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Mitandao mingine ikafuata. Kwa miaka kadhaa kila mtandao ulikuwa kisiwa. Aliyetumiwa fedha kutoka mtandao mwingine alipata namba za kuchukulia fedha kwa wakala wa mtandao ule, na kama wakala huyo hakuwepo kijijini, safari ilianza. Kuanzia mwaka 2014 baadhi ya mitandao ya Tanzania ilikubaliana kupokezana fedha moja kwa moja kutoka akaunti hadi akaunti, na mwaka 2016 mtandao mkubwa uliokuwa umebaki nje nao ukaingia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Jambo hilo halisemwi mara nyingi, pengine kwa sababu kikwazo kilichoondolewa husahaulika upesi.

Si kila nchi ilifanikiwa. Huduma hiyohiyo ya M-Pesa ilizinduliwa Afrika Kusini mwaka 2010 na kufungwa mwaka 2016. Mitambo yake ilikuwa mizuri na simu zilikuwa nyingi. Lakini watu wengi wa huko tayari walikuwa na akaunti za benki na kadi za kutolea fedha, na maduka makubwa yalikuwa yakipokea na kutuma fedha kwa gharama ndogo. Hawakuona shida ambayo huduma mpya ingewaondolea. Mfano huo unafundisha kuwa watu hawaipokei teknolojia kwa sababu ni mpya. Wanaipokea inapowapunguzia adha wanayoijua, na wanaiacha inapowaongezea nyingine.

Laini ni ya nani?

Adha ya kwanza ni umiliki. Mwaka 2019 nchi ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya utambulisho wa taifa, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Lengo lilikuwa zuri: kuwabana matapeli na kuhakikisha kila laini ina mwenyewe. Lakini vijijini, ambako wengi hawakuwa bado wamepata namba za NIDA, ndugu walisaidiana kwa njia waliyoijua. Kijana aliyekuwa na namba alimsajilia mama yake laini. Mume alimsajilia mke. Dereva wa bodaboda aliwasajilia shangazi zake wawili.

Matokeo yake yanaonekana miaka kadhaa baadaye. Mama anapoteza simu mnadani. Anakwenda kurudishiwa laini, anaweka kidole kwenye kifaa, na kifaa kinakataa, kwa sababu mbele ya sheria laini hiyo ni ya mwanawe ambaye sasa anafanya kazi migodini Geita. Fedha iliyomo inaweza kuwa ya mauzo ya mbuzi, lakini mwenye kidole ndiye mwenye akaunti. Wakati mwingine hali huwa nzito zaidi: mume na mke wametengana, au mwenye kidole amefariki.

Kila mwananchi anaweza kujua laini zilizosajiliwa kwa jina lake kwa kubonyeza *106# na kufuata maelekezo. Atakayekuta namba asiyoitambua aende kwa mtoa huduma akaifute. Atakayegundua kuwa laini anayoitumia imesajiliwa kwa jina la mwingine anapaswa kushughulikia jambo hilo mapema, wakati ndugu huyo bado yupo, ana afya na wanaelewana.

Lipo pia tatizo la vidole vyenyewe. Jembe, saruji, majivu ya jikoni na umri husugua alama za vidole mpaka kifaa kisizisome. Mzee aliyelima miaka 50 huambiwa kidole chake "hakitokei", kama kwamba alikuja na kidole cha kuazima. Mwenye tatizo hilo asikate tamaa akarudi nyumbani na kumwomba mjukuu amsajilie. Ajaribu vidole vingine baada ya kunawa na kukausha mikono, na ikishindikana afike ofisi ya NIDA ya wilaya.

Wakala hana fedha

Wengi hudhani wakala ni aina ya benki ndogo. Kwa kweli ni mfanyabiashara mwenye mitaji miwili inayogombana. Mtaji mmoja ni noti zilizomo ndani ya droo. Wa pili ni salio lililomo katika simu yake ya kazi, ambalo mtaani huitwa floti. Mteja anapoweka fedha, noti huingia drooni na floti hupungua. Mteja anapotoa, noti huondoka na floti huongezeka. Biashara huenda vizuri pale wanaoweka na wanaotoa wanapokaribiana.

Mjini wanakaribiana. Kijijini hawakaribiani. Fedha nyingi za kijijini zinatoka nje: kwa watoto walioajiriwa, kwa wanunuzi wa mazao, kwenye mfuko wa msaada. Zikifika, kila mtu anataka noti. Saa tatu asubuhi droo imejaa. Saa tano imebaki na sarafu. Ili aijaze tena, wakala anapaswa kusafiri hadi mji mdogo wenye benki au wakala mkubwa, abadilishe floti kuwa noti, kisha arudi nazo kwa bodaboda akiwa na hofu ya kuporwa njiani. Nauli ni yake, hatari ni yake, na saa ambazo kibanda kimefungwa ni hasara yake. Anacholipwa ni kamisheni kwa kila muamala. Kwa hiyo anapomwambia mama mwenye mtoto mgonjwa, "Mama, njoo kesho," mara nyingi hana ubaya wowote. Ameishiwa.

Kwa mama huyo, hata hivyo, "njoo kesho" ina gharama. Kama ametembea kilomita saba, kesho ni kilomita nyingine kumi na nne za kwenda na kurudi. Baada ya kuambiwa hivyo mara mbili au tatu anaamua jambo ambalo wataalamu hulishangaa lakini yeye ana sababu zake: siku fedha inapoingia na wakala ana noti, anaitoa yote. Haachi hata shilingi. Hapo simu inakuwa mfereji tu, fedha inapita na kwenda kulala ndani ya kibuyu au chini ya godoro, mahali ambapo moto, panya na ndugu wenye shida hufika kirahisi.

Upungufu wa noti huzaa na tabia nyingine isiyo njema. Wakala asiye na fedha ya kutosha humwambia mteja atoe nusu sasa na nusu jioni. Ada za kutolea hupangwa kwa madaraja ya kiasi, hivyo mara nyingi kutoa kwa vipande viwili hugharimu zaidi kuliko kutoa kwa mkupuo. Wapo pia mawakala wachache wanaodai "ya soda" juu ya ada. Mwananchi afahamu kuwa ada halali hukatwa na mtandao wenyewe kutoka kwenye akaunti na kuandikwa katika ujumbe. Hakuna ada halali inayolipwa mkononi kwa wakala. Kuweka fedha katika akaunti yako mwenyewe hakuna ada kwa mteja.

Shilingi inayokatwa

Juu ya ada, hakuna haja ya maneno mengi, kwa kuwa kila mtu ameionja. Anayetoa kiasi kidogo hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa uwiano kuliko anayetoa kiasi kikubwa, na maskini ndiye anayetoa kidogo kidogo. Tarehe 15 Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala, iliyokuwa kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, baadhi ya watu walirudi kwenye bahasha na kondakta. Fedha za tozo zilielekezwa katika huduma za jamii, vikiwamo vituo vya afya na madarasa, na Serikali iliipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, kisha ikaendelea kuipunguza katika miaka iliyofuata. Somo lililobaki ni kwamba imani ya mtumiaji mdogo ni nyepesi. Aliyeondoka kwa sababu ya makato harudi siku ileile makato yanapopungua. Wengi hata hawasikii kuwa yamepungua. Bado wapo watu vijijini wanaoamini tozo ile ya mwanzo inakatwa hadi leo.

Ingefaa zaidi kama fedha isingelazimika kutolewa. Fundi, muuza duka la pembejeo na mwenye mashine ya kusaga wangepokea malipo kwa simu, fedha ingezunguka kijijini bila kuhitaji droo ya wakala. Namba za kulipia za wafanyabiashara zipo na zinaendelea kuenea. Lakini mwenye duka naye ana hesabu zake. Anamlipa muuzaji wa jumla kwa noti, anaogopa mteja atakayemwonesha ujumbe wa uongo wa malipo, na wengine huogopa kuwa kila muamala ulioandikwa utafuatwa na mkusanya kodi. Hofu hiyo ya mwisho haitaisha kwa kuhubiriwa. Itapungua pale mfanyabiashara mdogo atakapoelezwa bayana, kwa kiwango chake mwenyewe cha mauzo, anadaiwa nini na hadaiwi nini.

Simu ikitumbukia kisimani

Kuna hofu moja ambayo viongozi wa vijiji huisikia mara kwa mara na maofisa huipuuza: "Simu ikitumbukia kisimani, fedha yangu si imezama?" Swali hilo lina akili. Mtu aliyezoea kuona fedha ndani ya kibuyu anajua kibuyu kikipasuka kinachofuata.

Jibu lake ni kwamba fedha haimo ndani ya simu. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, kampuni inayotoa huduma hii hupewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania, na fedha za wateja huhifadhiwa benki katika akaunti maalumu ya amana, zikitengwa na fedha za kampuni. Salio linalosomeka kwenye kioo ni kumbukumbu ya haki ya mteja katika amana hiyo. Simu ikizama, mwenye laini anakwenda na namba yake ya utambulisho na kidole chake, anapewa laini mpya yenye namba ileile, na salio linakuwa palepale. Aliyeibiwa simu apige 100 kupitia simu ya mtu mwingine wa mtandao huohuo ili akaunti yake izuiwe kabla mwizi hajabahatisha.

Kisima, kwa hiyo, hakiwezi kuimeza fedha. Kinachoweza kuimeza ni zile tarakimu nne zilizotajwa kwa sauti mbele ya watu sita.

Tarakimu nne

Mtu anayetegemea mkono wa mwingine hatapeliwi kwa ujinga. Anatapeliwa kwa sababu hana njia ya kuhakiki. Ujumbe ukiingia, husomewa. Kama msomaji ni mwaminifu, vema. Kama amekosea tarakimu, au ameficha, bibi hawezi kujua. Hata risiti yake si yake: anapomwomba jirani amlipie ada ya Serikali kwa namba ya kumbukumbu, ujumbe wa uthibitisho unabaki katika simu ya jirani, na siku ukihitajika jirani amebadilisha simu.

Matapeli wa mbali hutumia udhaifu huohuo. Nani hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Aliyeutuma hamjui anayeupokea. Anatupa ndoano kwa maelfu ya watu, akitegemea kuwa siku hiyo mmoja wao alikuwa kweli ameahidi kumtumia mtu fedha. Wengine hupiga simu wakisema wametuma kimakosa na kuomba kurudishiwa, baada ya kutuma ujumbe uliotungwa ufanane na wa mtandao. Wengine hujiita waganga, na wengine hualika watu kwenye vyama vya utajiri wa ghafla. Kwa anayeweza kufungua akaunti yake mwenyewe na kutazama salio, hila ya pili hufa palepale: salio halikuongezeka, basi hakuna fedha iliyoingia. Kwa asiyeweza, hila hiyo ina nguvu zote.

Watoa huduma huwapigia wateja kwa namba 100, na hawaulizi namba ya siri. Namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040 ili ifungiwe. Mtu aliyetuma fedha kwa namba isiyo sahihi apige 100 bila kuchelewa, kabla aliyepokea hajaitoa. Kila dakika ina thamani. Na kabla ya kuthibitisha muamala, mtumaji asome jina la mpokeaji linalotokea kwenye kioo. Wengi hulirukia.

Lakini maonyo ya aina hii yametolewa kwa miaka mingi, kwa redio na kwa ujumbe, na bibi bado anaitaja namba yake. Kumwambia "usimwambie mtu namba ya siri" bila kumfundisha namna ya kuibonyeza ni kumwambia asile bila kumpa njia nyingine ya kushiba. Hapa ndipo kazi iliyobaki ilipo, na si kazi ya mitandao peke yake. Ni kazi ya kikundi cha kuweka na kukopa, cha mikutano ya wanufaika wa ruzuku za kaya, cha familia.

Tanzania ina bahati ambayo nchi nyingi hazina: menyu za simu zimeandikwa kwa Kiswahili. Nchi zenye lugha nyingi za nyumbani zimehangaika kwa sababu menyu iliandikwa kwa lugha ya shule. Hata hivyo, asiyesoma hasaidiwi na Kiswahili kilichoandikwa, na anayesoma polepole hukutana na adha nyingine: menyu humfungia kabla hajamaliza, na anarudi mwanzo. Akifungiwa mara tatu anampa mjukuu simu.

Njia iliyo nyepesi kwa mtu kama huyo ni kutofundishwa kusoma menyu kwanza. Afundishwe safari. Kila huduma ina mlolongo wa tarakimu usiobadilika mara kwa mara: namba ya kufungulia inayoanza na *150*, kisha tarakimu ya kuchagua, kisha nyingine. Watu wengi wasiojua kusoma wanajua tarakimu, kwa kuwa wanahesabu fedha kila siku na wanapiga simu. Mlolongo mmoja tu, ule wa jambo analolifanya mara nyingi zaidi, unatosha kuanzia. Kununua muda wa maongezi kwa laini yake mwenyewe ni zoezi zuri la kwanza, kwa kiasi kidogo: hakuna ada ya kutuma, hakuna namba ya mtu wa kukosea, na matokeo huonekana papo hapo.

Namba ya siri ibadilishwe kwanza, maana ile ya zamani kijiji kizima kinaifahamu. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala tarakimu nne zinazofuatana. Mwenye macho hafifu atumie vidole. Simu nyingi za vitufe zina kinundu kidogo juu ya kitufe cha 5, kilichowekwa ili kidole kijue katikati ni wapi. Juu ya 5 kuna 2, chini yake 8, kushoto 4, kulia 6. Pembeni za juu ni 1 na 3, pembeni za chini ni 7 na 9, na 0 iko chini ya 8. Ajifunze namba yake kama njia ya kidole kutoka kinundu hicho, kama anavyojua njia ya kisimani usiku. Azoeze kidole jioni, nyumbani, kwa simu iliyozimwa, mara kumi kila siku kwa wiki moja, mjukuu akiwa amekaa pembeni lakini akitazama kwingine. Siku ya gulio linalofuata ampe wakala salamu na kumwuliza namba yake ya uwakala, kisha ageuzie foleni mgongo, ashike simu kwa mikono yake miwili, na foleni ingoje.